Kidonda Kilichohesabiwa Kuwa Ajali ya Mungu

Huko Paris, karne ya 19, daktari Jean-Martin Charcot alifundisha kwamba vidonda vya kulalia vya mtu aliyepooza huletwa na mishipa ya fahamu iliyoumia. Kama ni hivyo, muuguzi atafanya nini? Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Mauritius, alikuwa amekwisha kuonyesha kwa wanyama kwamba ukiondoa mgandamizo na unyevu, kidonda hakiji. Iliyoshika ni kauli ya Charcot, na mimi ninayeishi kwenye kiti cha magurudumu inaniuma mpaka leo.

Mwaka 1917 kijana Ludwig Guttmann alijitolea hospitalini Königshütte. Akaletwa mchimba makaa aliyevunjika uti wa mgongo. Guttmann akaambiwa asijisumbue kumwandikia maelezo, atakufa baada ya wiki chache. Kweli akafa, vidonda na usaha vikimla. Mwaka 1939 Guttmann, sasa daktari, aliwakimbia Wanazi akaenda Uingereza, na Februari 1944 akafungua wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Dawa yake kubwa ilikuwa mikono ya watu: kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Vidonda vikapungua, watu wakaishi.

Lakini kitandani si kitini. Mimi hujiinua kwa mikono, mabega yakilalamika, damu ipate kupita chini ya mifupa ya makalio. Jioni ndugu yangu hunishikia kioo nikague ngozi. Doa jekundu lisilofifia likibonyezwa, kesho yake sikai. Na doa huchelewa: mara nyingi nyama ya ndani, iliyobanwa na mfupa, huwa imeshaanza kufa.

Ndiyo maana nilifurahi kusoma kazi ya Vivian Mushahwar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada. Walitengeneza nguo ya ndani yenye vibandiko vya umeme: kila dakika 10, misuli ya makalio hukazwa kwa sekunde 10, uzito ukahama, damu ikarudi. Mtu mzima wa viungo hujisogeza hivyo bila kujua.

Sharti lake ni mishipa ya fahamu itokayo kwenye uti kwenda kwenye misuli iwe bado hai. Yangu i hai; mapaja hukakamaa yenyewe. Wale ambao yao imekufa wamebaki na mto mzuri, kujiinua na mikono ya kuwageuza.