"Sikumuona": historia ya kaske, na ya macho ya shofere

Ndugu wasomi, leo niwape historia moja ambayo hatukuisoma kwenye iniversite, lakini inamgusa kila mmoja wetu anayepanda pikipiki siku za wikendi.

Nianze na ya kwetu. Jumapili moja ya mwezi wa sita tulitoka Lubumbashi tukiwa watu wanne na pikipiki nne, tukashika njia ya Likasi. Ni safari ya kilometa kama 120. Baridi ya asubuhi, lami nzuri, hakuna mwenye haraka. Karibu na Luisha, basi dogo lilikuwa linakuja kutoka upande wa mbele. Shofere wake akaona muuza makala upande wa pili wa barabara, akakata kushoto ghafula, akampitia mwenzetu aliyekuwa wa kwanza. Kaske yake, ndugu zangu, ilikuwa imening'inia kwenye kiwiko. Alikuwa ametuambia wakati wa kutoka: "Kaske iko na joto, nitaivaa tukikaribia polisi."

Yule shofere alishuka akitetemeka. Neno lake lilikuwa moja tu: "Mi sikumuona. Nilitazama, njia ilikuwa bule." Tulikasirika sana. Tulimwambia ni muongo: utakosaje kuona mtu mzima juu ya pikipiki nyekundu, mchana kweupe? Mwenzetu alipona, Mungu asifiwe, lakini memware yake ya lisanse aliimaliza kwa kuchelewa mwaka mzima, na mpaka leo katikati ya mazungumzo anasimama, anatafuta neno.

Kwa miaka niliamini shofere yule alidanganya. Nilipoanza kusoma historia ya ajali za pikipiki nilibadilisha mawazo. Inawezekana kabisa alisema kweli: alitazama, na hakuona. Na kwangu hiyo inatisha kuliko uongo.

Tuanze na kaske. Watu wengi wanafikiri kaske ililetwa na polisi ili kututafutia makosa. Hapana. Ililetwa na madaktari waliochoka kupokea vichwa vilivyopasuka. Kabla ya vita ya kwanza ya dunia, daktari mmoja Mwingereza, Eric Gardner, alikuwa anahudumia waendeshaji kwenye uwanja wa mashindano wa Brooklands. Aliona majeraha ya kichwa yakirudi tena na tena, akatengenezesha kofia za turubai iliyokazwa kwa utomvu mgumu. Mwaka 1914, kofia za namna hiyo zikawa lazima kwenye mashindano makubwa ya pikipiki ya kisiwa cha Man. Wenye kushindana walinung'unika, lakini walivaa.

Sasa angalieni vizuri: mwaka 1914 dawa ilikuwa inajulikana tayari. Lakini ilibaki kwenye mashindano. Mtu wa kawaida, anayetembea zake barabarani kwa raha, alionekana hana haja nayo. Eti yeye hakimbizani na mtu.

Miaka 21 ikapita. Tarehe 13 Mei 1935, kule Dorset, kusini mwa Uingereza, mwanaume wa miaka 46 alipanda pikipiki yake aina ya Brough Superior, akaenda kambi ya kijeshi ya Bovington kutuma telegramu. Jina lake T. E. Lawrence, yule ofisa aliyejulikana dunia nzima kwa kupigana pamoja na Waarabu dhidi ya dola ya Waturuki. Alikuwa ameacha kazi ya jeshi la anga miezi michache tu mbele yake. Kupanda pikipiki ndiyo ilikuwa furaha yake kubwa. Alizimiliki kadhaa za aina hiyo, moja baada ya nyingine. Na siku ile hakuwa anaenda mbali. Nyumba yake ndogo ya Clouds Hill iko karibu kabisa na kambi.

Akiwa anarudi, barabara ilikuwa inapanda na kushuka, na bondeni kulikuwa na wavulana wawili juu ya baiskeli. Aliwaona wakati umekwisha. Akakwepa, akamgusa mmoja, akarushwa mbele ya usukani. Hakuwa na kaske. Alilala siku sita bila kupata fahamu, akafariki Jumapili tarehe 19 Mei.

Kuna jambo moja katika uchunguzi wa kifo kile ambalo bado linazungumzwa. Askari mmoja aliyekuwa karibu alisema aliona gari jeusi likipishana na pikipiki mbele kidogo ya ajali. Wale wavulana walisema hawakuona gari lolote. Watu watatu, fasi moja, dakika moja, na macho yakaleta habari mbili. Tulishike hilo, tutalirudia.

Kati ya madaktari walioitwa kwenye kitanda cha Lawrence alikuwa Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia, bingwa wa upasuaji wa ubongo aliyejifunza Marekani kwa mwalimu mkubwa Harvey Cushing. Hakuweza kumwokoa. Alichofanya Cairns baadaye ndicho kinachonifundisha mimi kama msomi: alianza kuhesabu.

Vita ya pili ilipofika, jeshi la Uingereza lilikuwa na vijana wengi wa kupeleka barua na amri kwa pikipiki, mara nyingi usiku, wakati taa za miji zimezimwa kwa kuogopa ndege za adui. Mwezi wa kumi wa mwaka 1941 Cairns alichapisha hesabu yake katika gazeti la madaktari wa Uingereza. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita, watu 2,279 walikufa barabarani juu ya pikipiki, waendeshaji na wale waliobebwa nyuma. Katika miezi 21 ya kabla ya vita walikuwa 1,884. Hao hawakuuawa na risasi ya adui, waliuawa na barabara ya nyumbani kwao. Na sababu kubwa ya vifo ilikuwa kichwa. Kati ya majeruhi wote aliowafuata, aliwapata saba tu waliokuwa wamevaa kaske. Wote saba walikuwa hai.

Saba ni hesabu ndogo, mwalimu yeyote wa takwimu angekataa. Cairns alijua hivyo, hakusimama pale. Mwezi uliofuata, Novemba 1941, jeshi likaamuru kaske kwa wapeleka barua wake walio kazini. Mwaka 1943 Cairns na Holbourn, mtu wa fizikia, wakachunguza majeruhi wengine waliokuwa na kaske. Huyu Holbourn alitengeneza mifano ya ubongo kwa gelatini, kitu laini cha kutetemeka, akaonyesha jinsi kichwa kikizungushwa ghafula ubongo unavyopinda na kuchanika ndani, hata kama fuvu halikuvunjika. Mwaka 1946 Cairns akachapisha hesabu ya vita nzima: tangu kaske zilipoingia, vifo vilikuwa vimeanza kushuka.

Lakini raia? Walingoja. Cairns alifariki mwaka 1952. Uingereza ilifanya kaske kuwa lazima kwa kila mtu mwaka 1973. Toka Brooklands mpaka sheria hiyo ni miaka 59. Ujuzi ulikuwepo, ila ulitembea polepole kuliko pikipiki.

Tukubaliane: kaske inasaidia mtu aliyekwisha kugongwa. Mwaka 2008 wachunguzi waliunganisha tafiti nyingi za nchi mbalimbali, wakakuta kaske inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ni kitu kikubwa. Ila haijibu swali la Luisha: juu ya nini shofere hakuona?

Swali hilo lilishikwa na Mmarekani Harry Hurt, wa chuo kikuu cha Kusini mwa California. Kati ya 1976 na 1977 yeye na kikundi chake walikuwa wanakimbilia ajali za pikipiki katika eneo la Los Angeles zikiwa bado mbichi. Walipima alama za matairi, walikagua pikipiki, waliuliza watu. Walichunguza ajali 900 hivi kwa namna hiyo, na wakasoma ripoti za polisi zipatazo 3,600. Matokeo yalitoka mwaka 1981, na mpaka leo wanaofundisha kuendesha pikipiki wanayatumia.

Walikuta nini? Karibu robo tatu ya ajali zilikuwa za pikipiki kugongana na chombo kingine, mara nyingi gari dogo la kawaida. Na katika hizo, mbili kwa tatu kosa lilikuwa la mwenye gari: alimnyima motari haki yake ya kupita. Sababu ya kwanza ilikuwa kwamba hakumwona, au alimwona wakati hakuna tena nafasi. Na aina ya ajali iliyojirudia zaidi ya zote: pikipiki inakwenda moja kwa moja, gari la upande wa mbele linakata kushoto na kumkatia njia. Wamarekani wanaendesha upande wa kuume kama sisi. Ni Luisha yetu ile ile, imeandikwa Los Angeles kabla hata sisi hatujazaliwa.

Mambo matatu mengine katika ripoti hiyo yalinishika. La kwanza: nusu ya ajali zilitokea kwa mwendo usiozidi kilometa 48 kwa saa. Si mbio za wazimu. La pili: toka hatari kuonekana mpaka kugongana, motari alikuwa na nukta pungufu ya mbili. Na katika nukta hizo wengi walikanyaga freni ya nyuma mpaka gurudumu likateleza, wakasahau ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu. Zaidi ya tisa kwa kumi walikuwa wamejifundisha wenyewe au wamefundishwa na rafiki na ndugu. Nani kati yetu alifundishwa tofauti? La tatu: ajali nyingi zilitokea kwenye safari fupi, ya kununua kitu, kusalimia rafiki, kujiburudisha, na karibu na fasi mtu alipoanzia. Kama Lawrence na telegramu yake. Ile "tunaenda tu hapa karibu" ndiyo safari yenyewe.

Sasa turudi kwenye macho. Pikipiki ikija moja kwa moja mbele yako ni kitu chembamba. Ule mlingoti wa pembeni ya kioo cha gari unaweza kuifunika nzima. Kwa sababu ni nyembamba, haionekani kukua mpaka imefika, kwa hiyo shofere anakosea kukadiria mwendo wake. Tena jicho linatafuta kile akili inachongojea. Shofere anangojea lori, anangojea basi. Akitazama na kukuta hakuna lori, akili inamwambia njia ni bule, naye anakata. Hapo ongezeni ya kwetu: vumbi la malori ya madini, telefone mkononi, na magari mengi yenye usukani wa kuume kwenye barabara tunayoendeshea upande wa kuume. Shofere wa gari kama hilo akitaka kupita lori, inabidi atoe gari nusu nzima ndipo aone kinachokuja. Na kinachokuja ni wewe.

Simtetei shofere mzembe. Mwenye kukata njia bila kungoja ana kosa, na sheria imshike. Lakini haki yako haitasimamisha basi ndani ya nukta mbili. Kikundi chetu bado kinatoka Jumapili, na tumebadilisha mambo machache. Taa ya mbele inawaka hata mchana. Hurt alikuta motari wenye taa na nguo za rangi kali walipata ajali pungufu. Kwenye njia panda na kila gari lililosimama kana kwamba linataka kukata, tunapunguza mwendo, vidole viko tayari juu ya freni ya mbele. Tunaangalia gurudumu la mbele la gari, si uso wa shofere, kwa maana uso unaweza kukutazama bila kukuona. Hatupandi nyuma ya lori tukijificha. Pombe inangoja tukirudi nyumbani. Mara moja kwa mwezi tunatafuta uwanja mtupu, tunajifunza kusimama ghafula. Na kaske inafungwa kamba kichwani kabla moto haujawaka. Asiyefunga anabaki, na sisi tunabaki naye tukimngojea.

Mwenzetu wa Luisha alirudi kupanda mwaka jana. Siku ya kwanza tulimkuta amefika mbele yetu sote, amekaa juu ya pikipiki, kaske kichwani, taa imewashwa, na jua lilikuwa limepanda. Mmoja wetu akamtania: "Unaharibu betri bule." Akatafuta neno kidogo, akalipata: "Acha waone."