William Tyndale: Aliyeuawa baada ya kuwapa Waingereza Biblia kwa lugha yao

Oktoba 1536, karibu na mji wa Brussels katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, padri mmoja Mwingereza alifungwa kwenye nguzo, akanyongwa, kisha mwili wake ukachomwa moto. Jina lake ni William Tyndale. Alihukumiwa kwa uzushi, lakini kazi iliyomfanya awindwe kwa miaka mingi ni kutafsiri Biblia kwa Kiingereza.

Kwa nini tafsiri ilikuwa kosa?

Wakati huo Biblia ya kanisani ilikuwa ya Kilatini, lugha ambayo wakulima na mafundi hawakuielewa. Ujerumani na Italia tayari zilikuwa na Biblia zilizochapishwa kwa lugha za watu. Uingereza ilikuwa tofauti. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1400, sheria ya Kanisa ilikataza kutafsiri Maandiko bila idhini ya askofu. Viongozi waliogopa kwamba kila mtu angeyaeleza apendavyo.

Tyndale alizaliwa magharibi mwa Uingereza karibu mwaka 1494, akasoma Chuo Kikuu cha Oxford. Inasimuliwa kwamba alimwambia msomi mmoja kuwa, Mungu akimjalia uhai, kijana anayeshika jembe la kukokotwa atayajua Maandiko kumzidi msomi huyo.

Mwaka 1523 alimwomba Askofu wa London, Cuthbert Tunstall, amsaidie kufanya kazi hiyo. Akakataliwa. Mwaka uliofuata alivuka bahari kwenda Ujerumani, na hakuwahi kurudi kwao.

Vitabu ndani ya marobota ya nguo

Mwaka 1525 alianza kuchapisha Agano Jipya mjini Cologne. Siri ikavuja, akakimbia na kurasa zilizokwisha kuchapwa. Mwaka 1526, mjini Worms, kazi ilikamilika. Lilikuwa Agano Jipya la kwanza la Kiingereza kuchapishwa likiwa limetafsiriwa kutoka Kigiriki.

Wafanyabiashara waliviingiza vitabu hivyo Uingereza kwa magendo, vikiwa vimefichwa ndani ya marobota ya nguo. Askofu Tunstall aliamuru vichomwe moto hadharani.

Ugomvi ulikuwa juu ya maneno

Pale watu walipozoea kusikia "kanisa", Tyndale aliandika "kusanyiko". Badala ya "padri" aliandika "mzee", na badala ya "kufanya kitubio" akaandika "kutubu". Alisema ndivyo Kigiriki kinavyosema. Lakini kama toba ni jambo la moyo, na kiongozi ni mzee wa kusanyiko, basi mamlaka ya mapadri yanasimama juu ya nini? Ndiyo maana mwanasheria maarufu Thomas More aliandika vitabu virefu kumpinga.

Kusalitiwa

Tyndale alijifunza pia Kiebrania, na mwaka 1530 akatoa vitabu vitano vya kwanza vya Agano la Kale. Alikuwa akiishi Antwerp mwaka 1535 pale Mwingereza aliyejifanya rafiki yake, Henry Phillips, alipomkabidhi kwa askari.

Alifungwa zaidi ya mwaka mmoja katika ngome ya Vilvoorde. Barua yake moja kutoka gerezani ipo hadi leo. Ndani yake anaomba kofia na koti la kujikinga na baridi, na taa ya usiku. Zaidi ya yote anaomba Biblia ya Kiebrania na kamusi, ili aendelee kusoma.

Baada ya kifo chake

Haukupita hata mwaka mmoja, Mfalme Henry wa Nane akaruhusu Biblia nzima ya Kiingereza iuzwe nchini. Sehemu kubwa yake ilikuwa kazi ya Tyndale, ingawa hakutajwa kuwa mfasiri. Mwaka 1539 ilichapishwa Biblia iliyoagizwa iwekwe katika kila kanisa, nayo ilijengwa juu ya kazi hiyo hiyo. Hata Biblia maarufu ya Mfalme James ya mwaka 1611 imebeba maneno yake mengi.

Tunstall, askofu yule aliyechoma vitabu vya Tyndale, aliishi hadi mwaka 1559. Aliyaona hayo makanisani kwa macho yake.