Kabla ya dawa kulikuwa na kikao

Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, mashirika yanayohudumia watu wenye virusi vya UKIMWI katika nchi nyingi za Afrika yalilazimika kupiga hesabu upya: wahudumu wangapi wabaki, vipimo vingapi vifanyike, dawa za miezi mingapi zimo ghalani. Tangu hapo nimesikia watu wakizungumza kana kwamba mapambano haya yaliletwa Burundi na wafadhili na yataondoka pamoja nao. Wanaosema hivyo wamesahau yalikoanzia. Yalianza na watu wachache walioitana wenyewe, bila dawa wala fedha, katika mwaka ambao nchi ilikuwa inaingia vitani.

Bwiza ni mahali pazuri pa kuianzia habari hii, ingawa haikutokea Bwiza peke yake. Mtaa huu, ambao leo ni zoni ya komini Mukaza, pamoja na jirani yake Buyenzi, ilikuwa mitaa ya Waafrika enzi Wabelgiji walipoutawala mji wa Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Nyumba zimebanana, ua mmoja hukaliwa na familia kadhaa, na Kiswahili, Kirundi na Kifaransa hupishana katika sentensi moja. Katika maisha kama haya kikao hakihitaji barua ya mwaliko. Kirimba bado kinaendelea: kila mtu anatoa mchango wake, zamu ikimfikia mmoja anabeba fungu lote, na akiugua au kufiwa wenzake wanafika kwake kabla hawajaitwa. Anayekosa bila sababu anatozwa faini. Hakuna ofisi iliyowafundisha utaratibu huo.

Vikao hivyo vimewahi kuitikisa hata serikali. Katikati ya miaka ya 1950, wajane na wanawake walioachika wa Buyenzi, Waislamu, waligoma kulipa kodi waliyotozwa wanawake wa mjini wasio na mume. Uchungu wao ulizidi ule wa fedha, kwa sababu kodi ile iliwatia mama watu wazima, wenye heshima zao, katika fungu moja na makahaba. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliichapisha habari yao mwaka 1991, naye ni mmoja wa wachache waliojali kuiandika. Kisha Juni 1957 Mwanamfalme Louis Rwagasore akawakusanya wafanyabiashara Warundi katika chama cha ushirika. Ushirika huo uliyumba kifedha mapema, lakini watu aliokutana nao katika mitaa hii walimfuata katika siasa, na Septemba 18, 1961 chama chake cha UPRONA kikapata viti 58 kati ya 64. Oktoba 13 mwaka uleule akauawa, kama kila Mrundi anavyojua.

Twende kwenye SIDA, kama tunavyouita UKIMWI mjini Bujumbura. Ulitambuliwa nchini mapema katika miaka ya 1980, na kwa miaka mingi mabango yaliuzungumzia huku wagonjwa wenyewe wakinyamaza. Mtu alikonda, ndugu wakasema ni malaria au amerogwa, akazikwa, na sababu ikazikwa naye. Muuguzi aliyejua hakusema. Mjane aliyeshuku hakupima, kwa kuwa majibu yangemletea fedheha na asipewe hata kidonge kimoja.

Kwingineko watu walikwisha kuuvunja ukimya huo. Mwaka 1983, mjini Denver, wagonjwa wa Marekani waliandika tamko wakidai wasiitwe wahanga na washirikishwe katika kila uamuzi unaowahusu. Karibu na kwetu, Noerine Kaleeba wa Uganda alimzika mume wake mwaka 1987, na mwaka huohuo yeye na wenzake, jumla yao watu 16, wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye virusi. Wengi wa hao 16 walikuwa na virusi, na wengi hawakuishi kuona walichokianzisha kikikua. Desemba 1, 1994 wakuu na wawakilishi wa serikali 42 walitia saini tamko mjini Paris wakikubali kwamba wanaoishi na virusi lazima wawemo katika mapambano. Walichokikubali kilikuwa kimeanza kutendeka tayari, kwa watu kukaa chini na kuulizana tufanyeje.

Bujumbura watu hao waliunda ANSS, chama cha kitaifa cha kuwasaidia wenye virusi, mwaka 1993. Tuutazame mwaka wenyewe. Juni nchi ilipiga kura na kumpata Melchior Ndadaye, rais wa kwanza aliyechaguliwa na wananchi wote; Oktoba 21 akauawa, na vita vikaanza. Wakati jirani anaanza kumwogopa jirani yake kwa sababu ya kabila, chama kilitokea ambacho kigezo cha kuingia kilikuwa damu ya namna nyingine kabisa. Jambo hili, kwangu, ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyofanyika katika mji huu, na shuleni hatulifundishi.

Mmoja wa waasisi wake, Jeanne Gapiya-Niyonzima, alizaliwa Bujumbura mwaka 1963. Mtoto wake wa kiume alikufa akiwa na miezi 18. Mume naye akafa, na dada yake pia. Yeye alibaki na virusi mwilini na swali ambalo hakuna daktari wa mjini aliyekuwa na jibu lake: anayebaki anaishije?

Kisa kilichomfanya ajulikane nchi nzima kilitokea kanisani, katikati ya miaka ya 1990, kwenye misa ya Siku ya UKIMWI Duniani. Gapiya amekisimulia mwenyewe. Padri aliwahimiza waumini wawahurumie wenye UKIMWI, kwa kuwa wametenda dhambi na sasa wanailipa. Pengine alidhani amesema jambo la upole. Gapiya akasimama. Aliwaambia waliokuwepo kwamba yeye ana virusi na kwamba alikuwa mke mwaminifu, kisha akamuuliza padri yeye ni nani hata aseme kwamba huyu ametenda dhambi na yule hakutenda. Wote ni wenye dhambi, alisema, na ndiyo maana Yesu alikuja.

Hebu mtu afikirie uzito wa tendo hilo. Mwanamke, mjane, Mkatoliki, ndani ya kanisa, anamjibu padri mbele ya waumini wenzake, na katika jibu hilohilo anatangaza kitu ambacho hakuna Mrundi aliyewahi kukitangaza hadharani. Wajane wa Buyenzi walikasirishwa na tusi lililokuja na kodi. Gapiya alikasirishwa na tusi lililokuja na huruma. Pande zote mbili hasira ilitoka kwa mtu aliyejijua kuwa hana hatia. Na safari hii pia palikuwa na kikao cha kurudi baada ya kusimama. Mtu mmoja kanisani anaweza kunyamazishwa wiki inayofuata, lakini Gapiya alikuwa na chama nyuma yake, na waliosikia habari zake walijua pa kubisha hodi.

Mji wenyewe ulikuwa unaungua. Machi 1995 mashambulizi yaliikumba Bwiza na Buyenzi, mitaa iliyokuwa bado imechanganyika, na maelfu wakakimbilia Uvira, upande wa Zaire. Kukutana tu, kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine, kulihitaji ujasiri. Kikao cha wenye virusi kilifanya kazi ambazo leo zinaonekana ndogo: kuambizana ni muuguzi gani hatamfukuza mgonjwa, nani abaki na watoto mama akilazwa, namna ya kumwambia mume, namna ya kumzika mwenzao kwa heshima. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyohitaji maabara.

Julai 1996 mambo mawili yalitukia mwezi mmoja. Mjini Vancouver wanasayansi walionyesha kwamba dawa tatu zikinywewa pamoja zinakizuia kifo. Kwetu, Julai 25, Pierre Buyoya alipindua serikali, na siku sita baadaye nchi jirani zikatangaza vikwazo vilivyodumu hadi Januari 1999. Matibabu hayo mapya yaligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Kwa mchuuzi wa Bwiza, habari za Vancouver zilikuwa habari za sayari nyingine.

ANSS haikusubiri. Mwaka 1999 ilifungua kituo cha Turiho, yaani tuko hai, na wanachama wakaanza kutafuta dawa wenyewe, huku wakizisumbua serikali na kampuni. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza bei ya dola 350 kwa mwaka. Mfuko wa Dunia ukaja 2002, kisha fedha za Marekani. Mei 2005 Burundi ikapata sheria ya kuwalinda wenye virusi. Turiho ikafika hadi nje ya mji mkuu wa wakati huo.

Kutoka hapo historia imejaa ripoti, na sauti za watu zinapungua humo. Nimesoma nyaraka za miradi ambamo kikao kimegeuka kuwa shughuli yenye karatasi ya mahudhurio na posho, na ambamo mwasisi hatajwi kabisa. Fedha hizo zimeokoa maisha ya watu wengi na sitazidharau. Lakini katika mji wenye minara ya kumbukumbu na barabara zenye majina ya wanasiasa, hakuna sababu ya kuwasahau watu walioitana mwaka 1993. Wengi wao wamekwisha kufa. Waliobaki warekodiwe sasa, kwa Kirundi na Kiswahili, wakiwa bado na nguvu za kusimulia.

Vikundi bado vipo Bwiza. Pembeni ya fungu la zamu, virimba vingi vina kasa ya msaada, fedha kidogo zinazowekwa kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Kasa hiyo haiwezi kununua dawa za mwaka mzima za mwanachama hata mmoja, na asitokee waziri wala mfadhili wa kuibebesha kazi hiyo. Inaweza kumlipia nauli ya kwenda kuzichukua, katika mji ambao mafuta yakiwa adimu foleni za basi huwa ndefu, na inaweza kumtuma mtu kwenda kumgongea mlango yule aliyekosa kikao mara mbili.