Udongo Huhesabiwa Kabla ya Jembe

Tusikiapo habari za reli ya Mombasa, twadhani ilianza kwa jembe. Sivyo. Katika miaka ya 1891 na 1892 Kapteni Macdonald na wenziwe walisafiri toka Mombasa hata ziwa Victoria wakipima njia. Reli ikaanzwa 1896, ikafika ziwani 1901.

Kwa nini kupima kwanza? Kwa kuwa kilima hukatwa na bonde hujazwa, na kila pakacha la udongo ni jasho la mtu. Hesabu yake hata wanafunzi wetu waiweza. Handaki lenye upana wa futi 10 na kina cha futi 4 lina uso wa futi za mraba 40. Futi 100 mbele, kina ni futi 6, uso ni 60. Wastani ni 50; zidisha kwa 100, twapata futi za ujazo 5,000.

Penye ukingo wa Bonde la Ufa mteremko ulikuwa mkali, hata mabehewa yakateremshwa kwa kamba za chuma mpaka njia ya kudumu ilipokuwa tayari. Basi tukitaka kufungua barabara kijijini, tutangulize kamba na vijiti, tusije tukachimba mahali pamoja mara mbili.