Tafakari ya Juma: Anayekwenda Kuwahudumia Wagonjwa na Swali la Chanjo



Mwezi uliopita alifika ofisini kwangu binti mmoja wa parokia yetu anayesomea uuguzi. Alikuwa anakaribia kuanza mafunzo kwa vitendo, na chuo chake kiliwataka wanafunzi wote walete uthibitisho wa chanjo ya homa ya ini aina ya B kabla ya kuingia wodini. Yeye hakuwa nao. Kadi yake ya kliniki ya utotoni ililiwa na mchwa ndani ya tembe la bibi yake, na kuchanjwa upya dozi tatu kulihitaji fedha ambazo nyumbani kwao zilikwisha kuingia katika ada. “Baba Paroko,” akaniambia, “naomba uniandikie barua tu kwamba dini yetu hairuhusu, ili nisamehewe.”

Sikuiandika. Hata hivyo sikutaka kumfukuza kwa neno moja, kwa kuwa ombi lake lilitoka katika dhiki ya kweli. Nilimwomba arudi baada ya siku mbili. Niliyomweleza aliporudi ndiyo ninayowashirikisha leo, maana najua si yeye peke yake mwenye swali hili.

Nchi yetu hii ya kati ilikuwa njia ya wasafiri muda mrefu kabla ya kuwa makao makuu. Katika karne ya 19 misafara iliyokwenda na kurudi kati ya pwani na Tabora ilivuka Ugogo, ikilipa hongo kwa watemi na kutafuta maji na nafaka. Njia iliyopitisha pembe za ndovu na nguo ilipitisha pia ndui. Mwingereza Richard Burton, aliyevuka huku mwaka 1857, aliandika kuhusu ndui iliyokuwa ikiwaangamiza wapagazi njiani. Ugonjwa ule haukuishia kwa aliyeugua: aliyempa mgonjwa maji, aliyembeba na aliyemzika, wote walikuwa hatarini. Basi jambo hili ni la kale kuliko hospitali zetu. Anayemhudumia mgonjwa amesimama mlangoni pa ugonjwa: waweza kumwingia yeye, na waweza kupitia kwake ukawafikia wengine.

Kinga ilikuwapo tayari, kwa kuwa tabibu Edward Jenner alianza kuchanja huko Uingereza mwaka 1796. Mwaka 1853 serikali ya nchi hiyo iliwalazimisha wazazi kuwachanja watoto wachanga dhidi ya ndui. Wengi walipinga, na mwaka 1885 yalifanyika maandamano makubwa katika mji wa Leicester. Hatimaye, mwaka 1898, Bunge lilikubali kwamba mzazi ambaye dhamiri yake inakataa aweze kupewa cheti cha msamaha. Hapo ndipo dhamiri ilipopewa nafasi katika sheria ya chanjo ya Uingereza. Lakini tuangalie vizuri msamaha ule ulimhusu nani. Ulimhusu mzazi na mtoto wake wa nyumbani, wala haukuandikwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kuwahudumia wagonjwa wa watu wengine.

Kuhusu mtu huyo wa pili, historia inatupa mfano kutoka kwa jirani zetu wa Somalia. Mwaka 1977 ndui ilikuwa imekwisha kuondolewa karibu dunia nzima. Katika mji wa Merca aliishi kijana aitwaye Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, ambaye kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi katika kampeni yenyewe ya chanjo ya ndui. Yeye mwenyewe hakuwa na kinga. Alieleza miaka mingi baadaye kwamba aliogopa maumivu ya sindano, akakwepa. Mwezi Oktoba gari lililobeba watoto wawili wenye ndui lilifika hospitalini likitafuta mahali walipotengwa wagonjwa. Maalin akapanda kuonyesha njia. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Siku kadhaa baadaye alishikwa na homa, ikadhaniwa ni malaria, kisha tetekuwanga. Ilikuwa ndui, naye akawa mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida ya maambukizi.

Maalin alipona, wala hakumwambukiza mtu. Lakini hilo halikutokea lenyewe: waliokutana naye walitafutwa mmoja mmoja, na katika majuma mawili zaidi ya watu elfu 50 mjini na kandokando yake walichanjwa. Kazi yote hiyo ilitokana na mkono mmoja uliokwepa sindano. Tarehe 8 Mei 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imetokomezwa. Maalin naye baadaye alijitolea katika kampeni ya chanjo ya polio nchini mwake, akiwasimulia wazazi kosa lake mwenyewe ili wasilirudie. Alikuwa katika kazi hiyo alipofariki kwa malaria mwaka 2013.

Lipo fundisho la pili, la mwaka 1978, katika mji wa Birmingham, Uingereza. Bibi Janet Parker alikuwa mpiga picha katika chuo cha tiba, na ofisi yake ilikuwa katika jengo lenye maabara ya virusi vya ndui. Yeye alikuwa amechanjwa mwaka 1966. Alipata ndui, akafariki mwezi Septemba. Alikuwa na rekodi ya chanjo, lakini kinga ilikuwa imefifia kwa miaka. Kwa hiyo, chuo kinapodai uthibitisho, kinachotafutwa ni kinga iliyomo mwilini. Karatasi ni shahidi wake tu.

Leo ndui haipo. Ugonjwa unaosumbua vyuo vya afya ni homa ya ini aina ya B, ambayo huambukizwa kwa damu na majimaji mengine ya mwili. Kirusi chake chaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hivyo mwanafunzi aliyejichoma kwa sindano iliyotumika, au anayesafisha damu akiwa na jeraha mkononi, yumo hatarini. Chanjo yake ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1981. Huko ilikadiriwa kwamba mwaka 1983 wahudumu wa afya wapatao 17,000 waliambukizwa; mwaka 1995 walikuwa kama 400. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1991, ilitolewa kanuni yenye hekima: mwajiri awape chanjo bila malipo wafanyakazi wote wanaoweza kugusa damu, anayekataa atie sahihi kwamba amekataa baada ya kuelezwa, na akibadili nia baadaye apewe bure vilevile. Mnaona, wapendwa, kanuni ile ilianza kwa kumdai mwenye hospitali ndipo ikamdai mhudumu.

Nikarudi sasa kwenye barua niliyoombwa. Je, imani yetu inakataza? La hasha. Tarehe 21 Desemba 2020, wakati wa UVIKO-19, Idara ya Mafundisho ya Imani huko Vatikani ilieleza kwamba kwa kawaida chanjo inapaswa kuwa ya hiari. Lakini papo hapo ilifundisha kwamba anayeikataa kwa sababu ya dhamiri ana wajibu wa kujitahidi kwa njia nyingine asiambukize, hasa asiwahatarishe walio dhaifu. Hapa kwetu Tanzania chanjo ya UVIKO-19 ilipozinduliwa tarehe 28 Julai 2021 ilikuwa ya hiari, nami sina neno juu ya hilo. Hiari ni kitu chema. Lakini chanjo ya homa ya ini B inayotumika leo hutengenezwa kwa kutumia hamira, kwa hiyo hata lile swali la seli zilizotokana na mimba zilizotolewa, ambalo limewasumbua wenye dhamiri njema, halipo hapa. Kuandika kwamba dini inakataza kungekuwa kusema uongo kwa muhuri wa parokia.

Ipo misamaha ya haki. Mtu ambaye mwili wake ulipata mzio mkali kutokana na chanjo anastahili msamaha wa daktari, na chuo kimtafutie njia salama ya kujifunza. Lakini binti yetu hakuwa na mzio, wala dhamiri yake haikukataa. Tatizo lake lilikuwa umaskini. Na maskini hahitaji msamaha wa chanjo, anahitaji chanjo. Tukimpa barua badala ya dozi tunamfanya aonekane amesaidiwa, kumbe tumempeleka wodini bila ngao, yeye na wagonjwa atakaowashika.

Nilifungua kitabu cha ubatizo: alizaliwa mwaka 2004. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika chanjo za watoto mwaka 2002, kwa hiyo yawezekana alichanjwa akiwa mchanga. Kitabu changu chaweza kushuhudia maji ya ubatizo, lakini hakiwezi kushuhudia kinga iliyomo katika damu. Hilo ni la maabara. Nikaandika barua nyingine, nikikiomba chuo kimpokee kwa kipimo au kwa kuanza dozi upya, na kimpe muda wa kulipa. Akina mama wa WAWATA, waliposikia, walichanga bila kuombwa mara mbili.

Dozi ya kwanza amekwisha kupata. Ya pili hufuata baada ya mwezi mmoja, na ya tatu mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Ndiyo maana jambo hili halifai kungoja juma la mwisho kabla ya kuingia wodini. Wazazi wenye watoto wanaojiandaa kwenda vyuo vya afya, tafuteni kadi za kliniki leo, kabla mchwa hawajazifikia. Na ninyi mnaoongoza vyuo na hospitali, za Kanisa na za serikali, mnapoandika sharti ukutani, wekeni na sindano karibu na sharti hilo.

Nawatakia juma jema lenye baraka.