Kisanduku cha kadi huongeza thamani ya ushanga wa Doldol

KATIKA eneo la Doldol, kaskazini mwa Nanyuki, ushanga si pambo tu. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulipoangamiza mifugo kaskazini mwa Kenya, bangili na mikufu ilikuwa miongoni mwa bidhaa chache ambazo mwanamke wa Kimaasai angeweza kutengeneza na kuuza bila kungoja mvua.

Hata hivyo, bangili iliyofungwa kwa kipande cha gazeti huonekana kuwa ya bei duni, na mkufu uliorundikwa mkobani huweza kukatika uzi kabla ya kumfikia anayetunukiwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa nayo ilipigwa marufuku nchini kuanzia Agosti 28, 2017.

Kisanduku cha kadi kilichotengenezwa kwa mkono huondoa matatizo hayo kwa gharama ndogo. Wazo lenyewe si geni. Tangu jadi, wanawake wa Kimaasai wamevipamba vibuyu vya maziwa kwa ngozi na shanga, kwani chombo nacho hubeba heshima ya kilichomo.

Vifaa

Vinahitajika karatasi mbili za manila za ukubwa wa A4, rula, penseli, makasi, gundi nyeupe na kalamu iliyokwisha wino. Kadi ya gramu 200 hadi 300 kwa mita mraba ndiyo ifaayo. Iliyo nyepesi hubonyea, na iliyo nzito mno hupasuka inapokunjwa.

Kisanduku

Kata mraba wa sentimita 20 kila upande. Chora mstari sentimita 4 kutoka kila ukingo, kisha upitishe kalamu isiyo na wino juu ya mistari hiyo ili kadi ikunjike bila kupasuka.

Chagua pande mbili zinazoelekeana. Katika kila ncha ya pande hizo, kata kufuata mstari kutoka ukingoni hadi mistari inapokutana. Inua kuta zote nne, ingiza vipande vya pembeni kwa ndani na uvigandishe. Utapata kisanduku cha sentimita 12 kwa 12, chenye kina cha sentimita 4.

Kifuniko

Hapa ndipo wengi hukosea. Kifuniko kilicho sawa na kisanduku hakiingii. Kata mraba wa sentimita 18.4, uchore mistari sentimita 3 kutoka ukingoni, kisha ufuate hatua zile zile. Milimita nne za ziada ndizo hukiwezesha kufunika bila kubana wala kulegea.

Mapambo

Toboa matundu kwa sindano kabla ya kukunja kifuniko, ushone shanga, kisha ufiche mafundo kwa karatasi upande wa ndani. Kwa Wamaasai, rangi nyekundu huashiria ushujaa, nyeupe maziwa na usafi, buluu anga, na kijani malisho. Mstari mmoja watosha, kwa kuwa shanga nyingi hukibonyeza kifuniko.

Kwa pambo kubwa zaidi, pima kwanza upana wake, kisha uongeze kina cha kisanduku mara mbili. Jumla hiyo ndiyo upana wa kadi ya kukata. Muuzaji naye asisahau kujumlisha kadi, gundi na muda wake anapopanga bei, la sivyo kisanduku kitakula faida ya ushanga wenyewe.