Ramani ya Matege

Mwaka 1889 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilichapisha ramani ya matege. Madaktari wa kila pembe ya nchi walikuwa wameulizwa kama ugonjwa huo ni wa kawaida huko wanakofanya kazi, na majibu yao yakatiwa alama mahali pake. Alama zilisongamana kwenye miji ya viwanda na maeneo ya migodi ya makaa ya mawe. Mashambani zilipungua. Nilikutana na habari za ramani hiyo katika muhula wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili hapa Glasgow, nikitafuta kitu kingine kabisa, na tangu siku hiyo sijaweza kuachana nayo. Bonde la mto Clyde, ninamoishi, lilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoelemewa na alama zile.

Sisi tukisema matege tunafikiria miguu iliyopinda, basi. Ugonjwa wenyewe una mengi zaidi. Mifupa ya mtoto haikazi, mbavu zinaota vinundu, nyonga zinabanana. Msichana aliyeugua utotoni akija kushika mimba anaweza kufa kwa uchungu, kwa kuwa mtoto hana pa kupita. Mwaka 1888, hapa hapa Glasgow, daktari Murdoch Cameron alimpasua mwanamke mmoja mfupi sana, aliyepindwa na matege, akamtoa mtoto hai na mama naye akapona. Hospitali ikapata sifa kwa upasuaji wa uzazi. Sifa hiyo ilijengwa juu ya nyonga za mabinti waliokulia kwenye moshi.

Aliyeisoma ramani vizuri kuliko wote alikuwa Theobald Palm. Alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa Japani kama daktari mmisionari, na huko hakuyaona matege. Aliporudi Uingereza akayakuta kila mahali. Akawaandikia madaktari wamisionari wenzake waliokuwa Asia na kwingineko, nao wakamjibu kwamba watoto wa maskini huko wanakula vibaya, wanaishi kwa msongamano na uchafu, lakini miguu yao imenyooka. Mwaka 1890 Palm akaandika hitimisho lake: kinachokosekana Uingereza ni jua. Watoto watolewe nje, waote jua. Bibi yeyote wa pwani anayemwanika mjukuu wake kibarazani asubuhi angemwelewa. Madaktari wenzake wengi hawakumsikiliza.

Na dawa ilikuwapo. Mafuta ya ini la samaki, yale ambayo wengi wetu tulinyweshwa kwa kijiko huku tumezibwa pua, yalitumiwa na wavuvi wa Ulaya ya kaskazini muda mrefu kabla ya daktari yeyote kuyaandikia cheti. Katikati ya karne ya 19, Armand Trousseau wa Paris aliwashauri wagonjwa wa matege watumie vyote viwili, mafuta na jua. Lakini hakuna aliyeweza kueleza kwa nini samaki wa bahari baridi na jua la mchana vifanye kazi moja, na jambo lisiloelezeka halikupewa uzito.

Fumbo hilo lilifumbuliwa Vienna, na hapo ndipo ninapopapenda zaidi katika historia hii. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha, Austria ilikuwa imeshindwa, na watoto wake walikuwa na njaa. Mwaka 1919 mwanasayansi wa Kiingereza, Harriette Chick, alifika na wanawake wenzake kufanya utafiti katika mji wa adui wa jana. Mwenye hospitali ya watoto, Clemens von Pirquet, mtu aliyeubuni msamiati wa mzio, aliamini kwamba matege yanatokana na maambukizi. Hakuwa na imani na nadharia ya Chick kwamba tatizo ni chakula. Hata hivyo akampa wodi. Sioni wengi katika masomo yangu waliompa mpinzani wao funguo.

Chick aligawa watoto wachanga. Wote walitunzwa kwa usafi uleule, ila baadhi walipata mlo wa kawaida wa hospitali, na wengine waliongezewa mafuta ya ini la samaki. Majira ya baridi yalipofika, picha za eksirei zikasema: waliopata mafuta walikuwa salama, na wengi wasiopata walianza kuugua. Kama habari ingeishia hapo, Chick angeshinda na mjadala ungefungwa. Lakini kiangazi kikaja, watoto wakatolewa barazani, na hata wale wa mlo mtupu hawakuugua. Tena Kurt Huldschinsky wa Berlin alikuwa ameonyesha, mwaka huohuo wa 1919, kwamba taa ya miale ya urujuanimno inaponya matege, na kwamba ukiumulika mkono mmoja, wa pili nao unapona. Kwa hiyo kitu fulani kilikuwa kinatengenezwa kwenye ngozi na kusafiri mwilini. Timu ya Chick ikaitumia taa, ikafanya kazi. Waliotetea chakula na waliotetea jua walikuwa wanashika mkia na mkonga wa tembo mmoja.

Mengine yalikwenda haraka. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Baltimore alikipa kitu hicho herufi D, kwa kuwa A, B na C zilishachukuliwa. Mwaka 1924 Harry Steenbock wa Wisconsin akaonyesha kwamba hata chakula kikimulikwa kinapata nguvu ileile. Baadaye kidonge.

Mimi nacho nakimeza. Mikrogramu kumi kila siku ndicho kiwango ambacho serikali ya hapa inashauri: wengi wakati wa baridi, sisi wenye ngozi nyeusi mwaka mzima, kwa sababu weusi wa ngozi unachuja miale hiyo, na hapa kuanzia Oktoba hadi Machi jua linakuwa chini mno kuweza kumtengenezea mtu vitamini D. Mama, aliyeko Tanga, nilipomweleza kwenye simu alicheka sana. “Yaani mwanangu, hata jua huko mnauziwa?”

Alikuwa na haki ya kucheka. Watafiti waliowapima Wamaasai na Wahadza wa Tanzania, na kuchapisha matokeo mwaka 2012, walikuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita ya damu, kiwango ambacho jirani zangu hapa wanakisikia tu. Ila jua si kila kitu. Kule Jos, Nigeria, kuna watoto wenye matege chini ya jua kali, na utafiti wa 1999 ulionyesha kwamba vitamini D peke yake haikuwafaa kama kalsiamu. Walichokosa kilikuwa kwenye sahani.

Basi kuna ramani nyingine, ambayo haikuchapishwa. Matege yalikuwa karibu kusahaulika Uingereza. Tangu enzi za Vita vya Pili, siagi ya mimea iliongezwa vitamini D na watoto wakagawiwa mafuta ya samaki. Mwaka 1962 Matthew Dunnigan na wenzake wakaripoti kwamba ugonjwa umerudi Glasgow, miongoni mwa familia za Wapakistani. Watu wazima walikuwa na mifupa laini, vijana miguu ilikuwa inapinda. Na maelezo yaliyopendwa katika miaka iliyofuata yalikuwa chapati. Unga wa ngano nzima, walisema, una kitu kinachozuia kalsiamu. Kisayansi hoja haikuwa upuuzi. Lakini naona ajabu kwamba siagi ya Waingereza iliongezwa vitamini bila mtu kuambiwa mkate wake una kasoro, ilhali pendekezo la kuongeza vitamini hiyohiyo kwenye unga wa chapati lilikataliwa. Serikali ilikuwa na hofu ya kuzidisha dozi, kwa kuwa miaka ya 1950 watoto wachanga walidhurika hivyo kweli. Hofu hiyo naielewa. Kilichonishinda ni kampeni ya kitaifa ya 1981, iliyowashauri Waasia wakaribie ulaji wa Kiingereza.

Glasgow haikusubiri. Mwaka 1979, miaka 17 baada ya ripoti ya kwanza, jiji lilianza kugawa vitamini D bure kwa watoto wa Kiasia. Tathmini iliyochapishwa mwaka 1985 ilionyesha kwamba idadi ya watoto wa Kiasia waliolazwa hospitali kwa matege ilishuka sana. Katika miaka yote hiyo kule Pollokshields, mtaa wenye familia nyingi za Kipakistani, chapati ziliendelea kupikwa kila jioni.